Shingo ya Kiingereza si shingo ya Kiswahili

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa mradi mmoja wa kilimo hapa Mbeya. Ilikuwa Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, na kila karatasi ilidaiwa siku hiyo hiyo: taarifa za vijiji, marejesho ya posho, stakabadhi za mafuta, orodha za mahudhurio. Msimamizi wetu alikuwa mgeni anayeishi nje ya nchi, tukiwasiliana kwa baruapepe. Aliponiongezea kazi nyingine juu ya zile, nikataka kumwambia kwa adabu kwamba maji yamenifika shingoni, anipe siku tatu. Nikakumbuka msemo niliousikia kwenye filamu, wenye kichwa ndani yake na harufu ya kuzama. Nikaandika: "I am in over my head."

Jibu lilikuja la upole mno. Alinishukuru kwa ukweli wangu, akasema hakuna aibu katika kukiri jambo kama hilo, na kuanzia wiki ile taarifa zote za fedha zikahamishiwa kwa mwenzangu. Niliisoma barua ile mara tatu. Sikuwa nimekiri chochote. Nilikuwa nimeomba siku tatu.

Nilichokuwa nimemwambia, bila kujua, ni kwamba kazi ile ilikuwa kubwa kuliko uwezo wangu. Nilitaka kusema ni nyingi, nikasema siiwezi. Kwa Kiswahili maneno hayo mawili hukaa jirani sana, na neno "nimezidiwa" linayabeba yote bila kulalamika: mgonjwa amezidiwa, karani amezidiwa, beki amezidiwa mbio, dereva amezidiwa na usingizi. Kiingereza hakina neno pana namna hiyo katika mazungumzo ya kazini. Kina misemo mingi midogo, kila mmoja na mpaka wake, na ukivuka mpaka bila kujua unaweza kupoteza kazi uliyokuwa unaimudu vizuri.

Leo nafundisha Kiingereza cha kazini kwa watu wazima, jioni, mtaa wa Soweto hapa jijini. Wanakuja waongoza watalii, wakala wa forodha kutoka Tunduma, dada wa mapokezi ya hoteli, vijana wanaokusanya maparachichi Rungwe na kuyauza nje. Somo la misemo hii ndilo ninalolirudia kuliko lolote.

Naanza na Kyela, kwa sababu bibi yangu mzaa mama aliishi huko na Kyela ndiko nilikojifunza kupima maji kwa mwili. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote hushuka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, na zikifika tambarare zinapoteza kasi hiyo. Aprili mvua ikizidi, maji hayana pa kwenda, yanatambaa mashambani na barabarani. Hapo hakuna anayeuliza maji yana sentimita ngapi. Mtu anayetoka ng'ambo anaulizwa, "Yanafika wapi?" naye anajibu kwa kugusa mwili wake: ya goti, ya kiuno, ya kifua. Bibi hakumruhusu mtoto kuvuka maji ya kiuno, na ya kifua hata watu wazima waliyaacha.

Waingereza nao hupima shughuli zao kwa ngazi hiyo hiyo ya mwili. "Knee-deep", maji ya goti, ni mtu aliyezama kazini lakini bado anatembea: yuko katikati ya kupaka nyumba rangi au kusahihisha mitihani, ukimwita hawezi kuja sasa hivi. Wakisema "up to my elbows", viwikoni, picha si mto tena, ni karai au bakuli la unga; mikono imechafuka, kazi inaendelea. Kisha "up to my neck", shingoni. Kisha "up to my ears", masikioni. Kisha "up to my eyes" au "up to my eyeballs", mpaka kwenye mboni.

Nawaomba wanafunzi wasimame, waguse mwilini kila ngazi ninapoitaja. Wakifika masikioni huwa kuna mmoja anayesita, na ninamsubiri. Pua iko chini ya macho. Ukilinganisha na masikio, iko usawa nayo au chini kidogo. Mtu ambaye maji yamemfika machoni amekwisha kuacha kupumua. Lakini Mwingereza anayekuambia "I'm up to my eyeballs in work" hajazama hata kidogo. Anafanya kazi, pengine na chai mezani, na mara nyingi anasema hivyo kwa fahari kidogo, kama fundi cherehani wa soko la Mwanjelwa anavyosema wiki ya Pasaka kwamba hapati usingizi. Deni ndilo linalotajwa kwa uzito zaidi katika ngazi hiyo. "Up to his eyeballs in debt" ni mtu aliyekopa kila mahali. Hata hivyo bado anahesabika kuwa yumo katika kupambana.

Kwa hiyo mpaka hauko mwilini. Uko kwenye kale ka-neno ka mbele. "Up to" maana yake maji yamefika mpaka hapo. Yakiwa yamefika hata kwenye nyusi, bado yamefika tu. "Over" maana yake yamepita. "Up to my eyes" na "over my head" zimetenganishwa na upana wa paji la uso, lakini ya kwanza inasema nina kazi nyingi, ya pili inasema niliingia mahali nisipopaweza. Mimi nilikuwa nimevuka paji la uso.

Hapo ndipo penye mtego kwetu sisi hasa, kwa sababu shingo ya Kiswahili iko juu kuliko ya kwao. Gazeti la michezo likiandika kwamba timu fulani ina maji ya shingo, msomaji anajua timu hiyo inapigania isishuke daraja. Baba akisema maji yamemfika shingoni, ndugu wanaanza kuchangishana. Kwetu shingo ni ngazi ya mwisho. Juu yake hatuna masikio wala macho, kuna mauti, na methali imekwisha kusema mfa maji haachi kutapatapa. Kwao shingo ni katikati ya ngazi. "I'm up to my neck this week" ni maelezo ya kawaida ya siku ya Jumanne. Ukimtafsiria mtu neno kwa neno kutoka huku kwenda kule, kilio kinageuka kuwa salamu. Ukitafsiri kutoka kule kuja huku, salamu inageuka kuwa kilio.

Wanaosoma Biblia wameshakutana na shingo hii bila kuitambua. Zaburi ya 69 inaanza kwa mtu anayezama, na katika Biblia ya Kiswahili ya zamani analia kwamba maji yamefika mpaka nafsini mwake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo ilisema nafsi. Tafsiri nyingi za karibuni za Kiingereza zinasema shingo. Hakuna aliyekosea: neno la Kiebrania "nefesh" lina maana ya nafsi, na pia koo au shingo, mahali pumzi inapopita. Nikilifikiria hilo naona Kiswahili chetu kiko karibu zaidi na mwimbaji wa zaburi kuliko ofisi za leo. Maji yakifika shingoni, yamefika kwenye uhai.

Jirani ya "over my head" kuna "out of my depth", na hizi mbili huchanganywa hata na wenyewe. Ya pili inahusu miguu. Ni mtu aliyeingia majini akitembea, kisha akanyosha mguu na kukuta chini hakuna kitu. Matema panafaa kueleza hili. Ufuo wake ni wa mchanga, mtoto anaweza kwenda mbele akiona vidole vyake. Lakini pembeni yake Milima ya Livingstone inatumbukia moja kwa moja ziwani, na ziwa lenyewe kwenye kina chake kikubwa linakaribia mita 700. Hatua chache zinatenganisha mchanga na kiza. Anayesema "I'm out of my depth here" anasema kwamba mada hii si ya kimo changu: mhasibu aliyeitwa kujadili dawa za mifugo, mwongoza watalii aliyeulizwa maswali ya sheria ya ardhi. Ni neno la unyenyekevu, halimwaibishi mtu, na kwenye kikao ni busara kulitumia. "In over my head" lina lawama kidogo ndani yake: nilijiingiza, nilikubali nisichokijua, sasa siwezi kutoka.

Picha ya kina ni ya zamani katika lugha yao. Katika tamthilia ya Henry VIII, iliyochezwa London mwaka 1613 na kuandikwa na Shakespeare pamoja na John Fletcher, Kadinali Wolsey aliyekuwa na nguvu kuliko wote baada ya mfalme anaanguka, na anapobaki peke yake anajifananisha na watoto wanaoogelea wakiwa wameshikilia vibofu vya wanyama vilivyojazwa hewa. Kiangazi baada ya kiangazi, anasema, ameelea katika bahari ya utukufu, mbali kupita kina chake, na sasa kiburi kilichokuwa kimemwinua kimepasuka chini yake. Watoto wa Kyela huogelea wakikumbatia dumu tupu la mafuta. Waliowahi kuliona dumu likimponyoka mtoto hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza Wolsey.

Mpaka hapa tulikuwa na mtu aliye majini. Kundi jingine la misemo linahusu chombo, na hapa wanafunzi wangu huchanganyikiwa kwa sababu Kiswahili cha darasani huita yote "kuzidiwa na kazi". Neno lenyewe "overwhelmed", ambalo siku hizi kila mtu analitumia hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, lina asili ya chombo kupinduka. Katika Kiingereza cha zamani "whelm" ilikuwa kupindua, kugeuza juu chini, kama unavyofunika sufuria. "Over" ikaongezwa kukazia, na baadaye maana ikahamia kwenye maji yanayofunika kitu chote. Ndiyo maana "overwhelmed" haihusu kazi tu. Mtu anaweza kuwa "overwhelmed" kwa msiba, kwa furaha, kwa wema wa majirani waliojaa uani siku ya harusi. Ni moyo uliopinduliwa. Ukiandika kazini kwamba uko "overwhelmed", bosi anasikia habari ya hali yako ya ndani, si ya wingi wa mafaili. Wakati mwingine ndicho unachotaka asikie. Mara nyingi sicho.

"Swamped" ndiyo yenye kazi nyingi kweli kweli. Neno linatokana na kinamasi, ardhi ya maji kama ile ya Ihefu kule Usangu, lakini kitenzi chake kilikua miongoni mwa mabaharia: mtumbwi umeingiwa na mawimbi, umejaa, unaelea usawa wa maji ya ziwa. Haujatoboka. Haujavunjika. Mpiga kasia hajasahau kazi yake. Maji tu yameingia kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kuyachota na kuyamwaga nje. Ndiyo maana "I'm swamped" halina aibu hata chembe, na ndilo neno nililopaswa kuliandika siku ile ya Juni. Linasema chombo ni kizima, mawimbi ndiyo mengi. "Inundated" ni ndugu yake aliyevaa suti, kutoka neno la Kilatini la wimbi, "unda"; utaliona kwenye matangazo rasmi, pale ofisi inapoandika kwamba imepokea maombi mengi mno ya kazi.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana huwa naulizwa kwa nini Waingereza wanapenda maji hivi. Wanaishi kisiwani, ni jibu rahisi, na sidhani ni la uongo. Lakini tujitazame na sisi. Mtu wa Makambako ambaye hajawahi kuiona bahari atakwambia biashara yake imeenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Neno lilipanda na Kiswahili kutoka pwani, likapita mlima Kitonga, likakaa nyanda za juu kwenye baridi, na hakuna anayeliuliza asili yake. Karani wa London anayesema "swamped" akiwa ghorofa ya nane yuko katika hali hiyo hiyo. Lugha hubeba bahari mpaka mahali pasipo na bahari.

Tofauti ninayoiona mimi ni nyingine. Kiswahili kikiacha maji, kinakimbilia mzigo na nafasi. Tunaelemewa, tunalemewa, na hapo kuna bega na gunia. Tunabanwa, tunasongwa, tunazongwa na kazi, na hapo kuna umati, kama Mwanjelwa siku ya kabla ya sikukuu. Watu wa mjini wanasema "nimetingwa". Anayebanwa anasubiri nafasi ipatikane, na anayelemewa anahitaji mwenzake amshushe mzigo. Mwingereza aliye majini yuko peke yake mpaka mtu amrushie kamba. Sijui kama hilo linafaa kuitwa tofauti ya tabia za watu, lakini katika barua linaonekana: sisi hueleza taabu ili tusaidiwe, wao mara nyingi huieleza ili waachwe kwa muda.

Kijana mmoja wa maparachichi alinifundisha hilo. Alikuwa amemwandikia mnunuzi wa Uingereza kuhusu vipimo vya matunda, siku zikapita, kisha likaja jibu fupi: "Snowed under until Thursday," yaani nimefukiwa na theluji hadi Alhamisi. Ilikuwa Julai. Kijana ni mtu makini. Alitazama hali ya hewa ya kule kwenye simu, akakuta jua kali. Akaja kwangu na wasiwasi kwamba anadanganywa.

Theluji ni jambo ambalo sisi wa huku hatuna, na hatupaswi kujifanya tunalo. Baridi ya Kitulo na Makete inagandisha umande asubuhi za Juni na Julai, majani ya viazi yanaungua, mashamba yanapauka kama yamenyunyiziwa chumvi. Jua likichomoza kila kitu kimeondoka. Theluji haifanyi hivyo. Mvua ya Tukuyu inatangaza kuja kwake juu ya bati. Theluji inashuka kimya. Chembe moja haina uzito wowote. Unalala, inaendelea kushuka, na asubuhi mlango haufunguki. Hapo ndipo uzuri wa msemo huu: hakuna chembe unayoweza kuilaumu. Kila barua ilikuwa fupi, kila ombi lilikuwa dogo, kila simu ilikuwa ya dakika mbili, na sasa mtu amefukiwa mezani pake. Marekani ya karne ya 19 walikuwa wakiutumia kwa mgombea aliyezikwa na kura za mpinzani wake, na picha ni ile ile, karatasi nyepesi moja moja mpaka mtu haonekani.

Nikamweleza kijana kwamba mnunuzi hakudanganya wala hakumkataa. Alimpa tarehe. Kwenye sentensi ile neno lenye uzito ni Alhamisi.

"Bogged down" haina haja ya maelezo marefu kwa mtu wa Mbarali. Ni Fuso lenye magunia ya mpunga kwenye udongo mweusi wa Usangu mwezi wa Machi. Utingo yuko chini na jembe, gurudumu linazunguka na kuchimba. "Bog" ni tope la kinamasi, neno lililotoka kwa Waayalandi na Waskoti, kwao likimaanisha kitu laini. Kiswahili kina neno lake kamili: kukwama. Kazi inaweza kuwa moja tu, wala haihitaji kuwa nyingi, lakini haisogei, na mara nyingi kinachokwamisha ni kitu kidogo, kama saini au muhuri. Anayesema yuko "bogged down in details" anahitaji kusukumwa, na kumpunguzia mzigo hakumsaidii.

Sahani nayo ni nyepesi. "I have a lot on my plate" ni kusema nimepakuliwa vya kutosha, tafadhali usiniongezee. Ni njia ya heshima ya kukataa. "I bit off more than I could chew" ni kukata tonge lisilotosha kinywani, na hapo mkono uliokata ni wako. Tazama tena alama ya lawama: sahani ulipakuliwa, tonge ulilikata mwenyewe. Na "in hot water", maji ya moto, haimo kabisa katika familia hii ingawa ina maji. Ni mtu aliyekosea na sasa anangoja adhabu.

Imebaki maana ya pili ya misemo hii ya kina, ya kuzama kwa sababu umehusika, na hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu makosa yake hayaishii kwenye baruapepe.

"She's up to her neck in work" ni habari ya shughuli. Badilisha neno la mwisho: "She's in it up to her neck." Hakuna tena kazi, kuna "it" tu, jambo lisilotajwa, na sentensi imekuwa tuhuma. Inasema amehusika katika uovu ule kwa kina, wala si mpita njia. Sasa mfikirie mkalimani, awe kwenye kikao cha bodi, polisi, au mahakamani, anayesikia shingo na kukumbuka maji ya shingo. Atasema, "Maji yamemfika shingoni." Wasikilizaji wote watamwonea huruma mtu ambaye msemaji alikuwa anamshtaki. Maneno yote yametafsiriwa, shingo ipo, kina kipo, na ushahidi umegeuka. Tafsiri ya kweli ni fupi na haina maji: "Naye yumo, amehusika kikamilifu." Nawaambia wanafunzi wangu: mkisikia "in it", acheni kutazama shingo, ulizeni "it" ni nini.

"In too deep" inakaa hapo hapo, lakini ina huzuni. Ni mtu aliyeanza kidogo, mkopo mmoja, uongo mmoja, na sasa kurudi nyuma ni kugumu kama kusonga mbele. Macbeth wa Shakespeare anasema hivyo kuhusu damu aliyoimwaga: amekwisha kuingia mbali kiasi kwamba kurudi kunachosha sawa na kuvuka. Kiswahili kina methali iliyosimama kwenye ukingo ule ule wa mto: ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga. Lakini yetu inaangalia mbele. Tunamwambia mtu aliyeanza kujenga au kusomesha, kwa kumtia moyo, kwamba ameshajitosa, amalize. Ukimtia moyo Mwingereza kwa kumwambia "you're in too deep", atadhani unamwonya atoke.

Wapenzi wenyewe wamepewa picha isiyo na maji. "Head over heels" ni mtu aliyeanguka kichwa chini miguu juu, ingawa maneno yenyewe, ukiyasoma taratibu, yanaeleza mtu aliyesimama wima. Zamani walisema kinyume, visigino juu ya kichwa, na hiyo ilikuwa na maana. Kufikia karne ya 18 mpangilio ukageuka katika vinywa vya watu na hakuna aliyeurudisha. Sisi tunasema kazama penzini, na hapo wanafunzi wangu wananiuliza kama "drowning in love" inafaa. Haifai kwa mazungumzo ya kawaida. "Drowning" ni kukata roho majini. Aliyezama penzini kwa Kiswahili yuko vizuri kabisa.

Nikiwa na dakika chache za mwisho darasani, huwa naandika ubaoni barua ile yangu ya Juni, nafuta maneno "in over my head", na kila mmoja anajaza kwa kazi yake mwenyewe. Wiki iliyopita wakala wa Tunduma aliandika kwamba yuko "swamped", malori kumi na moja yanasubiri nyaraka, na ataleta hesabu Ijumaa saa nne asubuhi. Dada wa mapokezi akauliza kama aongeze kuomba radhi. Tukalijadili hilo hadi taa za barabarani zikawaka, tukakubaliana asiombe. Tarehe na saa zinatosha.